Mlango wa Ubavuni

Watu wengi wakiingia ukumbini hutazama mapambo, hutazama nani kavaa nini, kisha hutafuta kiti kisichokuwa mbali na chakula. Bwana Idadi yeye alikuwa akitazama milango. Hata siku aliyokwenda kujitambulisha kwa wakwe, kabla hajaketi alipitiliza moja kwa moja hadi mlango wa uani, akaufungua, akaufunga, akasema, "Huu uko sawa," ndipo akakumbuka kusalimia. Wakwe walidhani kijana anatafuta pa kukimbilia mambo yakiharibika. Walimpa binti yao hivyo hivyo, na wakaisimulia habari hiyo miaka nenda miaka rudi.

Jina la Bwana Idadi alipewa na wenye kumbi, na hawakumpa kwa mapenzi. Alifanya kazi katika ofisi ya mji, na kazi yake ilikuwa kuingia katika majengo wanamokusanyika watu, kumbi, shule, nyumba za ibada, majumba ya sinema, na kuamua wanaweza kuwa humo watu wangapi na wote wakatoka salama. Idadi aliyoitaja iliandikwa kwenye kibao chekundu kikapigiliwa ukutani karibu na mlango. Wewe mwenyewe umeshakipita kibao cha namna hiyo mara mia, na sidhani kama umewahi kukisoma.

Wengi hudhani kazi hiyo ni kupima sakafu tu. Sakafu aliipima, ndiyo. Aliondoa jukwaa, akaondoa nguzo, akaondoa meza ya chakula, na kilichobaki akakigawa: mtu wa kukaa mezani apate eneo lake la kuvutia kiti na kunyoosha magoti. Lakini sakafu humwambia mtu wangapi wataingia. Wangapi watatoka, hilo husemwa na milango. Kwa hiyo baada ya sakafu alisimama katikati ya ukumbi, akafumba macho, na kichwani mwake akauwasha moto mlango ulio mkubwa kuliko yote. Ndivyo kanuni ilivyotaka: chukulia kwamba mlango mkubwa haupitiki, kisha angalia iliyobaki itawatoa wangapi. Ukitaka kusema kweli, Bwana Idadi alikuwa ameshazichoma kumbi zote za mji ule, moja baada ya nyingine, na kila jioni alirudi nyumbani kula bila wasiwasi.

Milango iliyobaki aliipima upana, na kila mtu akahesabiwa nusu sentimita. Mwenye ukumbi mmoja aliyejaliwa mwili alijishika tumbo akauliza, "Mimi huyu? Nusu sentimita?" Bwana Idadi akamweleza kwamba watu hupita mmoja baada ya mwingine, kwa hiyo mlango ule ule hutumiwa na wengi, wakigawana upana wake. Mlango unaofungukia ndani haukuhesabiwa kabisa, hata ungekuwa mpana kama barabara, kwa sababu watu wakishikwa na hofu husukuma, na mlango wa namna hiyo hufungwa na wale wale wanaotaka ufunguke. Mwisho alikuwa na majibu mawili, la sakafu na la milango. Alichukua lililo dogo, na hapo hakuna kilio kilichomrudisha nyuma.

Alikuwa na sharti lake jingine ambalo halikuandikwa popote. Hakuhesabu mlango ambao hajaufungua kwa mkono wake. Alishaonyeshwa milango mizuri sana kwenye ramani, akaenda kuitazama, akakuta ufunguo umepotea tangu mwenye ukumbi akiwa bado na nywele, na nyuma yake yamepangwa makreti ya soda hadi darini.

Sasa ukali huo aliutoa wapi? Aliutoa sinema. Alikuwa mtoto wa shule ya msingi, na kaka yake mkubwa, aliyekuwa kijana anayejifunza useremala, alimpeleka kutazama picha. Katikati ya picha taa moja ikapasuka, mtu mmoja mwenye mdomo mwepesi akapiga kelele, "Moto!" Hapakuwa na moto wowote. Lakini watu waliukimbilia mlango, na mlango ulikuwa wa kufungukia ndani. Mtoto alichokumbuka ni migongo, na pumzi kukosa pa kuingilia, na mkono wa kaka ukimshika ukosi wa shati. Kaka alilivunja dirisha la mbao kwa bega lake, akamtupa mdogo wake nje kwanza, kisha akatoka yeye. Bega lile halikupona vizuri. Lilibaki limeinuka, kama la mtu ambaye kila wakati anataka kusema "sijui."

Baba yao alipofariki, kaka huyo ndiye aliyekuwa baba. Alimsomesha mdogo wake kwa randa na msumeno, akamwozesha, akapokea watoto wake mikononi. Binti wa kwanza wa Bwana Idadi alikuwa akimwita baba mkubwa kama watoto wote wanavyowaita kaka za baba zao, lakini huyu alilitamka neno hilo kwa namna ya kudai mali yake. Tangu akiwa na meno mawili alikuwa ameshaahidiwa: siku yake ya kuolewa, baba mkubwa atamtengenezea viti viwili vya maharusi, na yeye ndiye atakayesimama kumpa nasaha mbele ya watu.

Karibu na soko kulikuwa na ukumbi wa mama mmoja mjane, mwenye sauti ya kumwita mtu kutoka mtaa wa pili. Sakafu yake ilibeba watu mia mbili na sabini, lakini kibao chake chekundu kilisema mia moja na themanini. Kisa kilikuwa mlango. Ukiuondoa mlango mkubwa wa mbele, ulibaki mmoja mwembamba nyuma ya jukwaa, na mwingine mzuri wa ubavuni ambao ulikuwa ukifungukia ndani. Mama alilalamika, akabembeleza, akanuna. Alipochoka akatafuta seremala wa kuugeuza, na kwa kuwa mji wenyewe ni mmoja, seremala aliyepatikana akawa yule kaka.

Kaka alihamisha bawaba, akaichonga fremu upya, akaweka chuma cha kusukuma hata kwa kiuno kama mikono imebeba mtoto. Alipomaliza akampigia simu mdogo wake.

"Mdogo wangu, ule mlango wako nimeugeuza. Unafungukia nje hata ukiupulizia. Njoo upime."

"Nitakuja, kaka. Wiki hii nimebanwa kidogo."

Wiki hiyo ikapita na nyingine ikafuata. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini matumbo yanayoumia si lazima yawe ya yule anayesema ngoja. Na usidhani alikuwa mvivu. Alikuwa na sababu ambayo yeye aliiona ya heshima: hakutaka mtu aje aseme kwamba ukumbi uliofanyiwa kazi na kaka yake umepimwa haraka kuliko wa wengine. Basi akawatanguliza wageni wote, na kaka akamweka mwisho, kwa kuwa kaka hakimbii.

Kabla hajaupima, binti akapata mchumba, na katika kumbi zote za mji akaupenda ule ule.

"Baba, wewe si ndiye mwenye ukumbi?" binti alimtania. "Waambie watuongezee viti."

"Mia moja na themanini," baba alijibu. "Na mimi nikiwa mmoja wao."

Kadi zikatolewa mia moja na themanini. Lakini unawajua watu na harusi. Kadi moja huja na mwenye kadi, na dada yake, na jirani aliyekuwa hana la kufanya. Bwana Idadi alilijua hilo, na hakumwamini mtu. Siku hiyo, akiwa na suti mpya na ua kifuani, baba wa bibi harusi alisimama mlangoni pamoja na mlinzi wa ukumbi, mwanamke mrefu mtaratibu, baba mwenyewe akiwa ameshika kile kidude cha kuhesabia kinacholia "ta" kila ukikibonyeza. Mkewe alikuja mara mbili kumwita aketi. Mara zote mbili alimwambia anakuja.

Kaka alichelewa. Kulikuwa kumenyesha asubuhi, na vanishi ya vile viti ilikataa kukauka. Mwenye ukaidi wa ufundi hawezi kumkalisha bibi harusi kwenye vanishi mbichi, kwa hiyo alikaa navyo karakana akivipepea kwa kipande cha boksi. Alipofika, vijana wawili wakiwa wamembebea viti hadi kwenye ngazi, kidude kilikuwa kimeshalia mara mia moja na themanini.

"Mmejaa?" kaka aliuliza, akitabasamu, akijifuta mikono.

"Tumejaa, kaka. Ngoja kidogo atoke mmoja."

Kaka alidhani ni utani. Mdogo wake alikuwa na utani wa aina hiyo, wa uso mkavu. Alicheka, akaweka mguu kwenye kizingiti, na Bwana Idadi akaunyoosha mkono. Hakumsukuma. Aliuweka tu hewani mbele ya kifua chake, kama alivyowafanyia watu mia kabla yake. Kaka akautazama ule mkono.

"Na ule mlango wa ubavuni?" aliuliza polepole.

"Sijaupima, kaka."

"Nimeutengeneza mimi."

"Najua. Lakini sijaupima."

Nyuma ya kaka watu walikuwa wakisukumana, kila mmoja na jamaa yake ndani, kila mmoja akisema yeye ni wa familia. Bwana Idadi aliwaona hao, na alijua akimpitisha mmoja mbele yao, watapita wote. Hilo nalo lilikuwa kweli. Ubaya wa mkasa huu ni kwamba kila alichokisema siku ile kilikuwa kweli.

Kaka akaurudisha mguu wake chini. Akaenda kuketi kwenye benchi la mlinzi, chini ya dirisha, viti vyake viwili vikiwa mbele yake. Muda si mrefu Bwana Idadi akaitwa ndani, wazazi wa pande zote mbili wasimame watambulishwe. Akamwachia mlinzi kidude, akamwagiza, "Akitoka mmoja, aingie mmoja." Akatoka mmoja, na mlinzi, mtu wa kutii maagizo, akamwingiza aliyekuwa karibu. Aliyekuwa karibu ni yule aliyesukuma zaidi. Kaka hakusukuma, alikuwa benchini. Akatoka mwingine, ikawa vile vile.

Ndani, mshereheshaji akashika kipaza sauti. "Sasa tunamwita baba mkubwa wa bibi harusi, aje atupe nasaha! Baba mkubwa! Yuko wapi baba mkubwa?" Watu wakageuza shingo. Bibi harusi akasimama nusu, akitafuta kwa macho, akamtazama baba yake. Baba yake akakimbia mlangoni. Benchi lilikuwa tupu. Viti viwili vilikuwa vimesimama pembeni ya mlango, vimefunikwa shuka safi, na vanishi yake ilikuwa imekauka. Nasaha ikabidi azitoe yeye, na kitu alichosema hakikumbuki hata leo.

Walipofika nyumbani mkewe alivua viatu kwanza, akakaa, ndipo akasema.

"Mtu aliyekutoa dirishani, wewe umeshindwa kumwingiza mlangoni?"

"Tulikuwa tumejaa, mama watoto. Ningemwingiza yeye, wangeingia wote. Sheria ni msumeno."

"Sawa, msumeno. Wewe ulikuwa mmoja wa wale mia na themanini?"

"Nilikuwa mmoja wao."

"Basi kwa nini hukutoka wewe?"

Hilo hakuwa amelifikiria. Mtu aliyezichoma kumbi zote za mji kichwani mwake, akawatoa watu wote mmoja mmoja, hakuwahi hata siku moja kujitoa mwenyewe. Na nakwambia, swali hilo lilimkaa kooni kuliko yote yaliyosemwa na ndugu baadaye, na ndugu walisema mengi.

Kaka hakununa. Afadhali angenuna. Aliendelea kuja kuwatembelea Jumapili kama kawaida yake, na matunda kwenye mfuko, na kicheko chake. Ila hakuingia ndani tena. Alifika kibarazani, akavuta kile kiti cha plastiki, akaketi. "Karibu ndani, shemeji," mke wa Bwana Idadi alimwambia. "Hapa hapa panatosha," alijibu, "nisije nikazidisha idadi." Watu walicheka, kwa kuwa alilisema kwa uchangamfu. Wakamletea chai nje. Binti alipozaa, alimleta mtoto kibarazani ili babu yake mkubwa ampakate. Mvua ikinyesha, kaka alivuta kiti hadi kwenye ukuta, akaikunja miguu. Bwana Idadi alikaa sebuleni, kwenye kochi lake, wakaongea kupitia dirishani, mmoja ndani na mmoja nje, habari za mbao na za magoti.

Na ule mlango? Hakwenda kuupima. Kwanza alisema amebanwa, na safari hii hakuwa amebanwa. Aliogopa. Akigundua mlango ni mbovu, basi kaka alikuwa fundi mbaya. Akigundua ni mzima, basi hilo ni baya zaidi. Ukumbi wa mama mjane ukaendelea na kibao chake cha mia moja na themanini, na mama, kila alipokutana naye sokoni, alimsalimia kwa sauti ya kusikika hadi kwa wauza samaki: "Bwana Idadi! Mlango unakusalimia!"

Alikwenda kuupima pale ofisi ilipomwandikia kwamba muda wake wa kustaafu umekaribia, akabidhi majengo yake yote yakiwa yamekamilika. Yote yalikuwa yamekamilika, isipokuwa moja. Akachukua tepu, akaingia ukumbini asubuhi, viti vikiwa bado vimepandishwa juu ya meza. Akausogelea ule mlango. Akauweka kidole kimoja, cha shahada, kwenye kile chuma cha kusukuma, na mlango ukafunguka mpaka mwisho, bila kulia, ukasimama pale ulipotakiwa kusimama. Aliufunga akaufungua tena kwa kidole hicho hicho. Kisha akapima. Akajumlisha na ule wa nyuma ya jukwaa, na jibu la milango likapita mbali jibu la sakafu. Sasa lililo dogo lilikuwa la sakafu. Mia mbili na sabini.

Alishusha kiti kimoja kutoka mezani akaketi. Mama mwenye ukumbi alikuja na maneno yake mdomoni tayari, akamwona alivyokaa, akarudi alikotoka.

Jumapili kaka alikuja, akavuta kiti cha plastiki. Bwana Idadi alisimama mlangoni, ndani ya kizingiti.

"Kaka, nimeupima ule mlango."

"Upi?"

"Wa ubavuni."

Kaka alipuliza chai yake. "Unafunguka?"

"Kwa kidole kimoja."

"Mimi nilikuambia uupulizie. Wewe umetumia kidole, nguvu zote hizo za nini?" Akanywa. "Wamefika wangapi sasa?"

"Mia mbili na sabini."

Seremala haandiki hesabu ndogo, huzifanya kwa macho. Kaka alitazama mbali kidogo, akatoa.

"Kwa hiyo siku ile palikuwa na nafasi tisini."

"Tisini, kaka."

"Tisini!" Kaka akacheka. Alicheka kweli, bega lile lililoinuka likitikisika, mpaka chai ikamwagikia sahani. Kisha kicheko kikapungua, akaifuta sahani kwa kidole. "Na mimi nilikuwa nataka moja tu."

Bwana Idadi alishika fremu ya mlango. Machozi yalimjaa na hakuyaficha. Mtu wa umri ule ayafiche amfiche nani. "Nisamehe, kaka."

"Nilikusamehe siku ile ile, hata nyumbani sijafika. Kazi yako hukuikosea. Ungeikosea ningekuchapa."

"Sasa mbona huingii ndani?"

Kaka alikitazama kizingiti kama anavyotazama ubao ulioanza kupinda.

"Sijui, mdogo wangu. Si hasira. Ni miguu. Kila nikifika hapo naona kama nitaambiwa ningoje."

Majuto ni mjukuu, walisema, na huyu mjukuu alikuwa ameshakua, ana miguu yake, na hakuna tepu ya kumpimia. Bwana Idadi aligeuka, akaingia sebuleni, akabeba kiti kimoja cha mezani, akatoka nacho nje.

Kibaraza kilikuwa chembamba. Kulikuwa na ndoo, na makopo ya maua ya mkewe, na jiko. Kiti chake hakikupata pa kukaa ila mbele ya mlango, kikauziba nusu, jambo ambalo maisha yake yote angemfungia mtu ukumbi kwa ajili yake.

"Hapo hapatoshi watu wawili, baba watoto," mkewe alisema kutoka ndani.

Kaka aliweka kikombe chini. Akajiinua kidogo, akakishika kiti chake cha plastiki kwa mikono miwili, akakisogeza hadi kwenye makopo ya maua, akaketi tena.

"Panatosha," alisema. "Kaa."